Abu Zayd Al-Balkhi: Mwanachuoni Aliyeitibu Huzuni kwa Maneno

Sifa zote njema ni za Allaah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Ahli zake na Swahaba zake wote.

Katika maisha ya wanavyuoni tumezoea kuwasoma mafaqihi na maimamu wa Hadiyth. Leo tunamsoma mtu ambaye jina lake linajulikana zaidi kwa wanaosoma jiografia na tiba kuliko kwa wanaokaa katika darsa zetu za msikitini. Naye ni Abu Zayd Ahmad bin Sahl Al-Balkhi, aliyeishi zaidi ya miaka 1,100 iliyopita.

Tumemchagua kwa sababu ya swali linaloulizwa majumbani mwetu kwa sauti ya chini. Kijana alikuwa mchangamfu, sasa hatoki chumbani, hali wala halali. Mama kajifungua salama, lakini kila siku analia na hamtaki mtoto. Mzee kafiwa na mkewe, mwaka umepita na bado haongei na mtu. Nyumbani watu wanabishana: wapo wasemao ni jini, wapo wasemao ni hasadi, wapo wasemao ni upungufu wa imani. Akitokea mtu kusema mgonjwa apelekwe kwa mshauri, wa kuzungumza naye tu, huulizwa: maneno matupu yatamponya vipi? Na je, hayo si mambo ya watu wa Magharibi?

Maisha ya Abu Zayd yanalijibu swali hilo vizuri.

Kuzaliwa na makuzi yake

Abu Zayd alizaliwa mwaka 235 Hijria, sawa na 849 au 850 Miladia, katika kijiji cha Shamistiyan karibu na mji wa Balkh. Zama zile Balkh ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya Khurasan, na leo upo kaskazini ya Afghanistan. Baba yake alikuwa mtu wa Sijistan aliyekuja kusomesha watoto. Kwa lugha yetu tungesema alikuwa mwalimu wa chuo. Mtoto akaanza kusoma mbele ya baba yake, na alipokua naye akawa mwalimu wa watoto kabla elimu haijampandisha daraja.

Walioeleza sifa zake wanasema alikuwa mtu wa kimo cha kati, mwembamba, uso wake una alama za ndui, mkimya na mwenye haya. Hakuwa mtu wa kujitangaza. Tutaona kwamba hata alipoitwa na wakubwa, alipendelea kubaki alipo.

Safari ya kutafuta elimu

Akiwa kijana alitoka Balkh kwenda Iraq. Alikwenda kwa miguu pamoja na msafara wa mahujaji, akakaa huko miaka minane akitafuta elimu. Baghdad ya wakati ule ilikuwa imejaa wanavyuoni wa kila fani, na vitabu vya Wayunani vilikuwa vimeshaanza kutiwa katika Kiarabu. Huko alisoma kwa Ya'qub bin Is-haq Al-Kindi, aliyeitwa mwanafalsafa wa Waarabu. Alisoma tiba, falaki, lugha na falsafa, pamoja na elimu za dini.

Wanahistoria wanaeleza kwamba katika safari ile alikuwa pia akitafuta njia. Alianza na madhehebu ya Imamiyyah, akapita katika falsafa na elimu ya nyota, kisha akatulia na kushikamana na ibada na Shari'ah. Hakuyapenda mabishano. Watu walipogombania nani bora katika Swahaba, au Waarabu na wasio Waarabu nani zaidi, yeye alijitenga.

Hata hivyo hakusalimika na midomo ya watu. Kwa kuwa alisoma mantiki na falsafa, walitokea waliomtuhumu uzushi na kutoka katika dini. Aliyemtetea ni Abul-Qasim Al-Ka'bi, mwanachuoni wa Mu'tazilah wa mji wao. Alisema kwamba mtu huyu amedhulumiwa, kwani ni mwenye kumpwekesha Allaah, na yeye anamjua kuliko wengine kwa kuwa wamekua pamoja na kuisoma mantiki hiyo hiyo pamoja.

Kurejea kwao na kukataa ukubwa

Elimu yake ilipokamilika, Abu Zayd alirudi Balkh. Aliandika makumi ya vitabu. Miongoni mwake kimo kitabu juu ya mpangilio wa Qur-aan kilichosifiwa na wanavyuoni, na kitabu cha ramani za nchi za Kiislamu. Hicho cha ramani ndicho kilichowafungulia njia wanajiografia waliokuja baada yake, kina Al-Istakhri na Ibn Hawqal, mpaka leo wataalamu wanauita mtindo wao kwa jina la Balkhi.

Alipokuja kutawala Balkh amiri Ahmad bin Sahl Al-Marwazi, alimtaka Abu Zayd awe waziri wake. Akakataa. Alikubali ukatibu tu, na uwaziri akapewa yule rafiki yake, Abul-Qasim. Inasimuliwa kwamba mshahara wa waziri ulikuwa dirham 1,000 kwa mwezi na wa katibu dirham 500. Abul-Qasim akamwamrisha mweka hazina achukue 100 katika fungu lake ampe Abu Zayd bila kumwambia, na akaagiza rafiki yake apewe sarafu nzima, yeye abakishiwe zilizokatika. Utawala wa amiri yule haukudumu, lakini kwa alichokipata Abu Zayd alinunua shamba katika kijiji chake cha kuzaliwa.

Alivyosimama ukingoni mwa mto

Kisa chake kinachokumbukwa zaidi ni cha mto Jayhun, ambao leo unaitwa Amu Darya. Mtawala wa Bukhara alimwita aende kwake. Abu Zayd akafunga safari mpaka ukingoni mwa mto. Alipouona upana wake na mawimbi yake yanavyopiga, hakuvuka. Alimwandikia mtawala kwamba, kama ameitwa kwa sababu ya busara yake, basi akiuvuka mto ule itadhihirika kuwa hana busara yoyote. Mtawala alicheka, akamruhusu arudi Balkh.

Msomaji aliyewahi kuvuka mkondo wa Pemba wakati wa kusi huenda akamwelewa. Lakini kisa hiki kina faida nyingine. Mtu huyu aliijua khofu kwa nafsi yake. Hakuwa akiandika juu ya udhaifu wa nafsi za wengine hali yeye ni jiwe.

Kitabu cha maslahi ya miili na nafsi

Kitabu kilichotufanya tumlete leo kinaitwa Maswaalih Al-Abdaan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi. Kina sehemu mbili. Ya kwanza ina milango 14 juu ya afya ya mwili: chakula, vinywaji, makazi, usingizi, mazoezi na mengineyo. Ya pili ina milango minane juu ya afya ya nafsi. Ndani yake anaeleza namna ya kuilinda nafsi ikiwa nzima na kuirudishia afya ikiugua, kisha anazichambua ghadhabu, khofu, huzuni na wasiwasi, kila moja kwa mlango wake.

Hoja yake ya kwanza ni kwamba binadamu ni mwili na nafsi, navyo haviachani. Mwili ukiumwa, akili haitulii na mtu hushindwa hata kufikiri sawasawa. Na nafsi ikiumwa, mwili haupati raha ya kitu, hata ukiletewa chakula kizuri namna gani. Kwa hiyo tabibu anayetazama mwili peke yake ameacha nusu ya kazi.

Hoja yake ya pili ni kwamba nafsi huugua mara nyingi kuliko mwili. Mtu anaweza kupitisha miaka bila homa wala kidonda, lakini hapiti siku nyingi bila ya kuguswa na hasira, khofu, au huzuni. Pamoja na hayo, watu huandaa dawa za mwili na hawaandai chochote kwa ajili ya nafsi.

Hapo ndipo anapotoa nasaha yake mashuhuri. Kama vile mwenye hekima anavyoweka dawa nyumbani kwa ajili ya maradhi ya ghafla, ndivyo anavyotakiwa kuweka akiba ya fikra njema wakati moyo wake umetulia. Azifikirie, azizoee, azihifadhi, ili msiba ukimjia apate cha kushika. Asisubiri mpaka dhiki imemzonga ndipo aanze kutafuta la kujiambia.

Huzuni si ya namna moja

Katika mlango wa huzuni, Abu Zayd hakuanza na mawaidha. Alianza kama tabibu, kwa kutenganisha.

Ipo huzuni inayojulikana sababu yake. Mtu amefiwa na mpenzi wake, amepoteza mali, au amekosa alichokitamani kwa muda mrefu. Huzuni hii ikizidi mpaka mtu akashindwa kujizuia, aliiita kwa Kiarabu jaza', yaani kupapatika kwa msiba mpaka subira ikatoweka.

Na ipo huzuni isiyojulikana sababu yake. Inamfunika mtu, naye hawezi kueleza anahuzunikia nini. Hana msiba, hana deni, lakini hana uchangamfu wala hamu ya kitu alichokuwa akikipenda. Abu Zayd alisema asili ya huzuni hii imo mwilini, na kwa elimu ya zama zake aliirejesha kwenye damu iliyochafuka na kupoa. Madaktari wa leo hawasemi hivyo juu ya damu. Lakini wanaona pia kwamba mwili unaweza kuwa na mkono ndani ya huzuni, na ndiyo maana mgonjwa wa sonona hupimwa kwanza asije akawa na upungufu wa damu au maradhi ya tezi ya shingo. Wanajua pia kwamba mwanamke anaweza kuangukiwa na sonona baada ya kujifungua hata akiwa na kila neema.

Tofauti hii ndiyo iliyoamua tiba yake. Huzuni isiyo na sababu aliitibu kwanza kwa njia ya mwili: chakula na dawa, na juu yake mazungumzo mazuri na watu wa kumchangamsha mgonjwa. Huzuni yenye sababu aliitibu kwa maneno na fikra. Na maneno hayo aliyagawa mafungu mawili: yanayotoka nje, kwa mtu mwengine anayemnasihi na kumliwaza mgonjwa, na yanayotoka ndani, ambayo mgonjwa mwenyewe anajifunza kujiambia.

Katika hayo ya ndani, humtaka mgonjwa akumbuke kwamba nafsi yake ni kitu cha thamani kuliko alichokipoteza, basi asiiangamize kwa ajili yake. Ajue kwamba dunia haikuumbwa impe mtu kila alitakalo na kumwachia daima. Na awatazame wengine waliopatwa na kama yaliyompata, wakasimama tena. Huwezi kumlazimisha mtu asihuzunike, lakini unaweza kumsaidia aichunguze fikra inayoikuza huzuni yake, na aiweke badala yake fikra iliyo ya kweli zaidi.

Mwalimu na mwanafunzi: tiba mbili za maneno

Mwalimu wake, Al-Kindi, naye aliandika risala juu ya kuziondoa huzuni. Tukizilinganisha tiba zao, tunajifunza jambo.

Al-Kindi aliifasiri huzuni kuwa ni uchungu wa nafsi kwa kukiondokea kipenzi au kukikosa kitakiwacho. Ikiwa ndivyo, dawa yake ni kubadilisha tunachokipenda. Anayeutundika moyo wake kwenye vitu vinavyoharibika atalia daima, na anayeutundika kwenye vinavyobaki atasalimika. Alipiga mfano wa abiria wa jahazi walioshuka kisiwani kwa muda mfupi. Wapo walioshughulika na haja zao wakarudi mapema, wakapata nafasi nzuri chomboni. Wapo waliookota mawe, makombe na maua, wakarudi wamelemewa, wakakaa kwa dhiki na mizigo yao. Na wapo waliopotelea msituni mpaka chombo kikaondoka. Mfano huu sisi watu wa visiwani hatuhitaji kufafanuliwa.

Hii ni tiba ya kweli, lakini ni ya mtu ambaye bado ana nguvu ya kufikiri. Mwambie maneno haya mtu ambaye wiki tatu halali, anajiona hana maana na kila kitu kwake ni kiza, atayasikia kama lawama. Atasema: kumbe kosa ni langu, nimeipenda dunia.

Mwanafunzi alilielewa hilo. Abu Zayd hakuyatupa maneno ya mwalimu wake, lakini aliyaweka mahali pake. Kwanza aliuliza ni huzuni ya namna gani. Kisha hakumwachia mgonjwa peke yake kazi ya kujitibu, akamletea mtu wa nje wa kumsaidia. Na alitambua kwamba watu hawalingani tabia: yupo anayestahamili mengi na yupo anayeumizwa na kidogo, na haifai kuwapima kwa kipimo kimoja.

Alifanya hivyo hata katika khofu na wasiwasi. Mwenye kuogopa kitu alimfundisha akizoee kidogo kidogo, kwa kukisikia na kukiona, mpaka nafsi iache kushtuka. Mwenye wasiwasi alimkataza upweke na kukaa bila kazi, kwa sababu mtu akiwa peke yake fikra mbaya hupata nafasi ya kumzunguka.

Tiba za mazungumzo za zama zetu

Zaidi ya miaka 1,000 baadaye, katika miaka ya 1960, daktari wa Marekani aitwaye Aaron Beck, huko Philadelphia, aliona kwamba wagonjwa wake wa sonona wana fikra zinazojirudia: mimi sifai, watu hawanitaki, mbele hakuna kheri. Akawafundisha kuzikamata fikra hizo, kuzipima kama ni za kweli, na kuzibadilisha. Tiba hiyo imeenea duniani. Ukiiweka karibu na mlango wa huzuni wa Abu Zayd, utaona ni ndugu zake.

Zipo na nyingine. Ipo inayotazama mahusiano: msiba, ugomvi wa nyumbani, kuhama au kubadilika kwa maisha, upweke. Ipo inayoanza na vitendo, ikimrudisha mgonjwa hatua kwa hatua kwenye kazi na mambo aliyokuwa akiyapenda, hata kabla hajajisikia vizuri. Ipo inayomfundisha kuyapanga matatizo yake na kuyatatua moja moja. Na ipo inayorudi nyuma kutazama majeraha ya utotoni.

Ipi bora? Mwaka 2013 watafiti walizikusanya tafiti 198 za aina saba za tiba hizi na kuzilinganisha. Walikuta zote zinamsaidia mgonjwa kuliko kumwacha bila tiba, na tofauti baina yao ni ndogo. Maana yake ni kwamba familia isihangaike kutafuta jina la tiba. Itafute mtu mwaminifu aliyefundishwa, anayemheshimu mgonjwa na dini yake, na mgonjwa aendelee naye bila ya kukatiza.

Wala tusidhani ni mambo ya nchi tajiri tu. Jirani zetu Uganda, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, watu wenye sonona walikaa katika vikundi kila wiki kwa wiki 16, wanawake peke yao na wanaume peke yao, wakiongozwa na wenyeji wa jinsia yao waliopewa mafunzo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2003: waliohudhuria walipata nafuu kubwa kuliko wasiohudhuria. Mjini Harare, Zimbabwe, tokea mwaka 2006, akina bibi waliofundishwa hukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kituo cha afya na kuyapanga nao matatizo yao. Utafiti wa watu 573 uliotolewa mwaka 2016 ulionesha kwamba mazungumzo yale yanatibu.

Hayo ndiyo maneno ya nje aliyoyataja Abu Zayd. Nasi tunao wazee wenye hekima, tuna baraza, tuna darsa za akina mama. Kinachokosekana mara nyingi ni mafunzo, kutunza siri, na kusikiliza kabla ya kuhukumu.

Kufariki kwake na kitabu chake

Abu Zayd alifariki mwaka 322 Hijria, sawa na 934, akiwa na umri wa karibu miaka 85, katika nchi ile ile ya Balkh aliyoipendelea kuliko miji ya wafalme. Vitabu vyake vingi vimepotea. Hiki cha maslahi ya miili na nafsi kilibaki kwa maandishi ya mkono katika maktaba ya Ayasofya, Istanbul. Mwaka 1984 picha za nakala yake zilichapishwa Frankfurt. Kisha mtaalamu wa Sudan wa elimu ya nafsi, Malik Badri, ambaye umri wake aliutumia kuwataka Waislamu wasiichukue elimu hii ya Magharibi bila kuichuja, akaifasiri sehemu ya nafsi kwa Kiingereza ikachapishwa mwaka 2013. Badri naye alifariki mwaka 2021. Allaah awarehemu wote.

Mafunzo kwa familia zetu

Kwanza: huzuni si dalili ya kukosa imani. Nabii Ya'qub ('Alayhis-salaam) alimhuzunikia mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe, naye ni Nabii. Mtume wetu (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim, na katika du'aa zake alijikinga kwa Allaah kutokana na wahka na huzuni. Basi tusimwambie mgonjwa kwamba angeswali vizuri asingekuwa hivi. Maneno hayo humwongezea ugonjwa.

Pili: tumeamrishwa kujitibu, na tumefundishwa kwamba Allaah hakuteremsha maradhi ila ameteremsha na dawa yake. Du'aa, adhkaar na ruqyah ya kisheria ni nguzo ya Muislamu, hazigombani na daktari wala mshauri. Linalokatazwa ni kumpeleka mgonjwa kwa waganga wa kupiga ramli, kumfunga, kumpiga, au kumficha ndani kwa kuogopa aibu.

Tatu: tutenganishe kama alivyotenganisha Abu Zayd. Aliyefiwa anahitaji kusikilizwa na kuliwazwa, na tusimwache peke yake siku za matanga zikimalizika, kwani hapo ndipo upweke unapoanza. Ama ambaye huzuni yake haina sababu, au imepita wiki mbili mfululizo na imemzuia kula, kulala na kufanya kazi, apelekwe hospitali apimwe. Huenda akahitaji dawa, huenda akahitaji mazungumzo, na wenye hali nzito mara nyingi huhitaji vyote viwili. Dawa akipewa asiiache bila ya kumuuliza daktari.

Nne: anayesema anataka kufa, au kwamba watu watapumzika akiondoka, asidharauliwe wala asikemewe. Asiachwe peke yake, viondoshwe vitu vya hatari, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kujiua ni haramu, na kwa sababu hiyo hiyo kumwokoa mwenye kutaka kujiua ni wajibu wetu.

Tano: mipaka ya dini ichungwe. Mwanamke akipata mshauri mwanamke ndiyo bora. Akikosekana, aende na mahram wake au wakae mahali pasipo na faragha. Mshauri anayemtaka mgonjwa aache swalah au afanye haramu ili apate raha, aachwe na atafutwe mwengine.

Sita: tuanze akiba mapema. Watoto wafundishwe wakiwa wazima kwamba dunia ni mtihani, kwamba dhiki hupita, na kwamba kuomba msaada si udhaifu. Mtoto aliyezoea kumwambia mama yake au baba yake linalomuumiza moyo, siku ya dhiki kubwa atajua pa kwenda.

Abu Zayd hakuvuka mto Jayhun, na hakuna aliyemlaumu kwa kuijua khofu yake. Wapo katika nyumba zetu waliosimama ukingoni mwa huzuni pana kuliko mto ule. Wanamhitaji mtu wa kukaa nao, na wakipata nguvu, wa kuwavusha.

Tunamuomba Allaah awaponye wagonjwa wetu wa miili na wa nafsi, aziondoe huzuni za vifua vyetu, na atujaalie tuwe wepesi wa kusikiliza na wapole wa kusema. Aamiyn.

Wa Allaahu A'lam.